Kwarara wa Wendani na Kunguru wa Kwetu

Sisi tuliotoka pwani tukahamia Kahawa Wendani tulijiona wajuzi wa ndege wasumbufu. Kwetu yuko kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ili asafishe taka, naye akaenea pwani nzima akila mayai, vifaranga na hata sambusa iliyo mkononi mwa mtoto. Ni yeye ambaye Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza kuangamiza milioni moja kufikia mwisho wa mwaka 2024. Basi huku bara, ndege gani tena angetushtua?

Mama mmoja wa kwetu alikuja kumlea bintiye aliyejifungua. Alfajiri ya kwanza, yu juu ya msala, akasikia ukelele juu ya paa: haa, haa-daa! Akatoka mbio na buibui limekaa upande, akiamini jirani amefiwa. Hakuona matanga. Aliona ndege wawili wa kijivu, mabawa yaking'aa kijani, midomo mirefu iliyopinda, wakitembea majanini kwa madaha kama wazee waendao barazani.

Hao ni kwarara. Mdomo ule huchoma udongo laini kutafuta minyoo na mabuu, na bustani hupata faida. Hulala mtini kwa makundi, huondoka kukipambazuka na kurudi jua likitua, na nyakati zote mbili hawajui kunong'ona. Ramadhani watoto wetu hudai kwamba kwarara akishapita ni halali kufuturu. Tumewaonyesha saa iliyo ukutani.

Mama yule hakucheka. Ndege kulia juu ya nyumba yenye kichanga, alisema, ni nuksi. Akaanza kufunga mizigo ili mzazi na mtoto warudi Mombasa kabla ya arobaini. Binti akalia, mkwewe akanyamaza kwa adabu. Shangazi mmoja akamkumbusha kwamba Waarabu wa kale walikuwa wakimtimua ndege kabla ya safari: akiruka kulia huenda, akiruka kushoto hubaki nyumbani, na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikanusha itikadi hiyo katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim.

“Hadithi naijua, mwanangu,” akajibu mama. “Ila ndege huyu hajaisikia.”

Hata hivyo mizigo ilikaa mlangoni siku tatu, kisha ikarudi chumbani. Sababu hakuisema. Sisi tuliona tu kwamba mtoto, aliyekuwa akikesha kwa kilio, kwarara wakianza yeye hunyamaza, macho wazi, akisikiliza. Arobaini ilitimia, tukala pilau, wageni wawili wakiwa nje majanini.

Sasa yuko Mombasa. Akipiga simu humuulizia mjukuu kwanza, kisha wale kwarara. Nasi, kabla hatujajibu, humsikia akimfukuza kunguru aliyetua kwenye samaki wake.