Kujaza Viasi vya Bunduki kwa Mkono

Wazee wengi wangali wanaikumbuka bunduki ya gobori. Mwindaji alichukua pembe ya baruti ubavuni, akamimina baruti mtutuni kwa kukadiria, akatia kitambaa au makumbi, akashindilia kwa mdeki, akatia risasi, akashindilia tena, kisha akaweka fataki mahali pake. Ikiwa jana alipunguza baruti kidogo na leo akaongeza kidogo, haikumharibia kazi sana, maana mnyama alikuwa hatua 30 au 40 mbele yake.

Siku hizi baruti, fataki na risasi hukaa pamoja ndani ya ganda moja la shaba, na kitu hicho kizima twakiita hapa kiasi cha bunduki. Viwanda hutengeneza viasi kwa maelfu, na mnunuzi huvikuta dukani vimekwisha jazwa. Hata hivyo, katika Marekani wako wawindaji wengi ambao hukusanya maganda yao matupu baada ya kupiga, wakayajaza tena nyumbani kwa mikono yao. Watu hudhani kwamba wanafanya hivyo ili wapate bunduki yenye nguvu kupita za wengine. Wako wenye tamaa hiyo, na mara nyingi hujuta. Lakini fundi wa kweli hatafuti nguvu. Atafuta viasi vinavyofanana, cha kwanza na cha ishirini visipitane hata kidogo.

Ili tuelewe sababu yake, na tuitazame bunduki moja itumiayo kiasi kiitwacho .300 Winchester Magnum, kilichotolewa mwaka 1963. Neno magnum ni la Kilatini, maana yake kubwa. Nalo hutumiwa kwa viasi vyenye baruti nyingi kuliko vya kawaida. Uzito wa risasi hupimwa kwa greni, na ratli moja ina greni 7,000. Risasi ya greni 180 hutoka katika mtutu huu kwa mwendo wa karibu futi 2,950 kwa sekunde. Walakini hata risasi ya mbio namna hii huanguka kama jiwe lianguka vyo, tangu itokapo mtutuni. Bunduki ikiwa imelinganishwa kupiga barabara kwa yadi 200, basi kwa yadi 500 risasi itapita chini ya shabaha kwa zaidi kidogo ya yadi moja. Mwindaji ajua hayo, naye huinua shabaha yake kwa hesabu.

Lakini hesabu yake yategemea mwendo uleule kila mara. Kiasi kimoja kikiwa na mwendo uliopungua futi 50 kwa sekunde, risasi yake itaanguka inchi 2 hivi zaidi kwa yadi 500; na kwa yadi 1,000 itaanguka karibu futi nzima. Katika milima ya magharibi ya Marekani huwindwa mnyama aitwaye wapiti, mwenye pembe za matawi, mkubwa kuliko tandala na mdogo kuliko pofu. Mahali pa moyo na mapafu yake ni mduara wa kadiri ya futi moja. Inchi 2 peke yake hazitamponya. Lakini zikiongezwa juu ya upepo, na pumzi ya mpigaji, na kosa la kukadiria umbali, zatosha kuipeleka risasi tumboni au mguuni. Hapo mnyama hukimbia na jeraha lake, akafa siku ya pili msituni pasipo mtu kumwona. Sisi twaona kwamba mtu asiyejaribu viasi vyake kwa yadi 500 katika uwanja wa shabaha hana haki kumpigia mnyama umbali huo.

Wapiga shabaha walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1935, huko Camp Perry katika jimbo la Ohio, Ben Comfort alishinda Kombe la Wimbledon, shindano la yadi 1,000, kwa kutumia .300 H&H Magnum, na tangu hapo watu wengi wakaanza kuvitazama viasi vya namna hii kwa macho mengine.

Kazi yenyewe hufanywa mezani, polepole. Ganda lililopigwa limetanuka kwa moto na mshindo hata likagusa kuta za chumba cha bunduki. Hupakwa mafuta kidogo, kisha husukumwa kwa mashine ndogo yenye mkono ndani ya kalibu ya chuma, ambayo hulirudisha umbo lake na kuitoa fataki iliyokufa. Shingo ya ganda hurefuka kila lipigwapo, kwa hiyo urefu hupimwa, na kilichozidi hukatwa. Hutiwa fataki mpya. Baruti hupimwa kwa mizani iwezayo kuonyesha sehemu ya kumi ya greni, na mwisho risasi hukazwa shingoni kwa kina kilekile katika kila ganda.

Kipimo cha baruti hakibuniwi. Watengenezaji wa baruti huchapa majedwali yao, na mjazaji huanza na kipimo cha chini, akapanda kidogo kidogo huku akiyatazama maganda yake. Mshindo ndani ya chumba hupita pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Fataki ikionekana imebapatika kupita desturi, au komeo likawa zito kuinuliwa, huacha mara moja na kurudi nyuma. Wala hawi na makopo mawili ya baruti juu ya meza, maana baruti ya bastola huonekana sawa na ya bunduki, nayo ikitiwa katika ganda kubwa yaweza kuipasua bunduki usoni pa mwenyewe. Jua nalo lina neno lake: baruti iliyopata moto huongeza mshindo. Ndiyo sababu John Rigby wa London, walipotoa kiasi chao cha .416 mwaka 1911 kwa wawindaji wa Afrika na Bara Hindi, walilifanya ganda kuwa pana, ili mshindo ubaki chini hata katika joto.

Sasa twafikia hatari ambayo wajazaji wengi wapya hawaioni. Karibu na kitako cha ganda la .300 Winchester Magnum uko mkanda wa shaba uliotokeza. Mkanda huo ulirithiwa kutoka kiasi cha .375 cha Holland & Holland, cha mwaka 1912, ambacho kimetumiwa sana katika Kenya na Tanganyika. Ganda la .375 lina mteremko mrefu na bega dogo, kwa hiyo lilihitaji mkanda wa kulizuia lisiingie ndani mno. Ganda la .300 lina bega la kutosha, lakini likiachwa lishikwe na mkanda peke yake, mara nyingi hubaki nafasi mbele ya bega. Likipigwa, hunyoka kuijaza nafasi hiyo, na shaba hupungua unene juu kidogo ya mkanda. Kalibu ikilirudisha bega nyuma sana, hunyoka tena, na tena, hata siku moja likatike vipande viwili. Moshi wa moto hurudi nyuma kwa mpigaji, na nusu ya ganda hubaki imenasa chumbani. Mjazaji mwenye akili huirekebisha kalibu yake isukume bega kidogo tu, kadiri ya unene wa karatasi.

Sheria za Kenya na Tanzania hazimruhusu mtu kutengeneza viasi pasipo kibali cha serikali, na mwenye bunduki aliye na kibali hana budi kuyajua haya vilevile, maana ganda bovu halimchagui mtu.

Kabla ya kulijaza, kila ganda hukaguliwa. Kwa nje hutafutwa mstari wa kung'aa unaolizunguka juu ya mkanda. Kisha huchukuliwa waya mwembamba uliopindwa ncha, ukaingizwa ndani na kuvutwa polepole juu ya ukuta. Ncha ikikwama katika mfereji mdogo, ganda hilo limekwisha. Halitupwi hivi hivi. Hubanwa kwa koleo hata likabapatika, ili mtu mwingine asiliokote akalijaza.