"Kumbe" na "Kwa Sababu": Faida ya Shajara kwa Mwenye Kuiandika

Shajara ni kumbukumbu ambazo mtu huziandika kwa ajili yake mwenyewe, siku kwa siku au kila apatapo wasaa, akieleza yaliyompata, aliyoyawaza na aliyoyahisi, bila kukusudia kwamba mwingine azisome. Wengi huiita dayari, ingawa dayari iuzwayo madukani kila mwisho wa mwaka, yenye tarehe na nafasi ya kuandikia miadi, ni chombo cha kupangia kazi zaidi kuliko cha kuzungumza na nafsi. Shajara hutofautiana pia na tawasifu, yaani maelezo ya maisha yaliyoandikwa na mwenye maisha hayo kwa ajili ya wasomaji, mfano wa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya Shaaban Robert. Mwandishi wa tawasifu huandika akiwa anajua mambo yaliishia wapi, ilhali mwandishi wa shajara hajui kesho italeta nini, na kwa hiyo maandishi yake huhifadhi hofu, matumaini na makosa ya siku ile kabla hayajasawazishwa na yaliyofuata.

Usawazishaji huo si jambo dogo, kwa maana kumbukumbu ya binadamu hailiweki tukio kama picha iwekwavyo sandukuni, bali hulijenga upya kila linapokumbukwa. Chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwataka wanafunzi wa chuo kikuu waandike, siku iliyofuata, walikuwa wapi na habari zile walizipata vipi. Yapata miaka miwili na nusu baadaye 44 kati yao waliulizwa maswali yale yale, na robo yao walikosea kila kipengele kikuu, huku wengine wakijibu kwa yakini kubwa. Hata walipoonyeshwa karatasi walizoziandika kwa mikono yao, kumbukumbu ya mwanzo haikuwarudia. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni kwamba anayedai siku zote alijua biashara fulani ingeanguka anaweza kufungua ukurasa wa Machi akakuta ameandika kinyume kabisa, na aibu hiyo ndogo, isiyo na shahidi, humfunza kujipima kuliko lawama za ndugu kumi. Wakati mwingine ushahidi wa shajara huwafaa hata wengine: ile ya mwandishi Gakaara wa Wanjau ya siku za kizuizini, wakati wa hali ya hatari ya enzi za ukoloni nchini Kenya, ilipochapwa kwa Kigikuyu mwaka 1983 ilipata Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika mwaka uliofuata.

Faida inayozungumzwa zaidi, hata hivyo, ni ile ya afya ya nafsi na mwili, na utafiti wake wa kitaalamu ulianzia kwa James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani. Katika jaribio alilolichapisha pamoja na Sandra Beall mwaka 1986, wanafunzi 46 waliandika kwa dakika 15 kila siku kwa siku 4 mfululizo, baadhi wakieleza mambo madogo madogo yasiyo na uzito, wengine wakieleza tukio lililowaumiza sana maishani. Waliounganisha tukio na hisia zake walitoka chumbani wakiwa na huzuni zaidi na shinikizo la damu lililopanda, jambo ambalo wanaoisifu shajara hupenda kulisahau, lakini katika miezi 6 iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao.

Maelezo ya mwanzo yalikuwa kwamba mwandishi hutoa dukuduku, kama atuaye mzigo, kwa kuwa kuficha jambo moyoni kunadai nguvu za mwili kila siku. Maelezo hayo hayakutosha. Pennebaker na wenzake walipoyachunguza maneno yenyewe yaliyotumika katika majaribio kadhaa, waliona kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao, kadiri siku zilivyopita, walizidisha maneno ya kueleza chanzo na maneno ya kutambua, ambayo kwa Kiswahili yangekuwa mfano wa "kwa sababu", "ndiyo maana", "sasa naelewa", na bila shaka "kumbe", neno ambalo kwa silabi mbili hukubali kwamba msemaji hakujua na sasa amejua. Aliyeanza na hadithi iliyokamilika na kuirudia vile vile kwa siku zote hakufaidika sana. Uchunguzi mwingine ulihusu nafsi za vitenzi: waandishi waliobadilisha mtazamo, leo wakisema "nilifanya" na kesho "alifanya" au "walifanya", walionyesha afya bora kuliko waliokwama katika nafsi moja. Kwa hiyo kinachotibu ni kazi ya kulipanga jambo, ambayo karatasi huilazimisha kwa kuwa sentensi iliyoandikwa haiwezi kusema mambo matano kwa wakati mmoja kama kichwa kifanyavyo usiku wa manane.

Matokeo ya namna hiyo yalionekana pia nje ya vyuo. Mwaka 1994 ilichapishwa taarifa juu ya wataalamu walioachishwa kazi: walioandika fikra na hisia zao juu ya msiba huo walipata ajira mpya mapema kuliko wenzao, ingawa hawakutuma barua nyingi zaidi za maombi. Mwaka 1999 Joshua Smyth na wenzake walieleza kwamba, miezi 4 baada ya kuandika juu ya tukio zito kwa dakika 20 katika siku 3, asilimia 47 ya wagonjwa wa pumu na baridi yabisi walikuwa na nafuu iliyopimika kitabibu, dhidi ya asilimia 24 ya walioandika mambo ya kawaida. Kuhusu usingizi, jaribio la Michael Scullin lililotoka mwaka 2018 lilionyesha kwamba kuandika kwa dakika 5, kabla ya kulala, kazi zinazosubiri kesho na siku zinazofuata humfanya mtu asinzie mapema kuliko kuandika kazi alizokwisha kuzimaliza.

Haifai, pamoja na hayo, kuuza shajara kama dawa ya kila ugonjwa. Joanne Frattaroli alipokusanya tafiti 146 mwaka 2006 alikuta faida ipo kweli, lakini kwa wastani ni ndogo. Zaidi ya hapo, utafiti wa David Sbarra na wenzake wa mwaka 2013, uliowahusu watu waliotengana na wenzi wao karibuni, ulionyesha kwamba wenye tabia ya kucheua mawazo, yaani kulirudia jambo lile lile kama ng'ombe acheuavyo majani, walichelewa kupona walipoandika hisia zao, ilhali wenye tabia hiyo hiyo walioandika shughuli za siku tu walipata nafuu zaidi.

Katika nyumba ambamo watu wanne hulala chumba kimoja, tatizo la kwanza la shajara ni faragha, kwani anayehofu kusomwa hujidanganya hata akiwa peke yake. Simu yenye nywila au daftari linalofungiwa sandukuni huondoa sehemu ya hofu hiyo. Lugha na iwe ile ambayo mtu hugombana na kuomba dua kwayo, na sarufi isimshughulishe. Na anayeona uchungu wake unaongezeka kila anaposhika kalamu aiweke chini, amwendee mshauri nasaha au mtu anayemwamini.