Kutoka Mji wa Mimba hadi Kwato

Tarehe 12 Februari 2013, katika shamba la Stonestreet huko Lexington, Kentucky, farasi jike aitwaye Rachel Alexandra alizaa mtoto jike wa karibu kilo 64. Wapenzi wa mbio nchini Marekani walimjua vizuri mama huyo. Mwaka 2009 aliwashinda madume katika mbio za Preakness, jambo ambalo hakuna jike aliyeliweza tangu 1924, na mwaka huohuo akatawazwa Farasi Bora wa Mwaka. Siku moja baada ya kuzaa, hali yake ilibadilika, akakimbizwa katika hospitali ya farasi ya Rood & Riddle. Upasuaji ulionyesha kuwa sehemu ya utumbo wake wa nyuma imeumia wakati wa kuzaa.

Utumbo unaumiaje? Kwa nguvu za farasi mwenyewe. Chupa ikishapasuka, farasi humtoa mtoto kwa dakika 20 hadi 30 tu. Misuli ya tumbo hubana kwa kishindo huku miguu mirefu ya mtoto ikitafuta njia. Kipande cha utumbo kikinaswa kati ya mtoto na nyonga hupondeka, au utando unaobeba mishipa yake ya damu huchanika. Kwa nje hakuna jeraha. Mama amenyong'onyea kidogo, kaacha nyasi, mara anageuka kutazama ubavu wake. Daktari makini haridhiki na hayo. Hupitisha sindano chini ya tumbo na kukinga majimaji yanayodondoka. Yakiwa ya manjano na maangavu, ni dalili njema. Yakiwa na ukungu au wekundu wa kahawia, kila dakika ina thamani.

Kwa farasi wenye umri mkubwa hofu nyingine ni mshipa mkubwa wa damu wa mji wa mimba kupasuka. Fizi hupauka, jasho humtoka, moyo hudunda mbio. Mara nyingi huachwa zizini palipo kimya, bila kutembezwa, ili damu ipate kuganda.

Lakini adui anayevizia mazizi mengi zaidi ni kondo la nyuma. Aliyezoea ng'ombe anaweza kulala na kondo lililokwama akasubiri asubuhi. Kwa farasi, saa tatu zikipita ni dharura. Kondo lake limejishika karibu ukuta wote wa mji wa mimba, na kipande kidogo kinachobaki huoza na kuzalisha bakteria ambao sumu zao hupenya haraka kwenye damu. Kwa farasi weusi wa Friesland, Uholanzi, watafiti waliwahi kukuta zaidi ya nusu ya uzazi ukifuatwa na kondo kukwama.

Kulivuta kwa nguvu ni kosa kubwa, kwani mji wa mimba unaweza kuchanika au hata kugeuka na kutoka nje. Kondo linaloning'inia hufungwa fundo ili mama asilikanyage, kisha mama hupewa oksitosini, homoni ya kuubana mji wa mimba, kwa dozi ndogondogo. Likitoka, daktari hulitandaza sakafuni kama suruali iliyolowa, mguu mmoja mnene na mwingine mwembamba, akapapasa kila ukingo. Macho yake huishia kwenye ncha ya ule mwembamba, maana hapo ndipo kipande hupenda kukatika na kubaki ndani. Kikikosekana, mji wa mimba huoshwa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, lita kwa lita, mpaka yanayorudi yawe safi. Dawa za kuua bakteria na za kutuliza uvimbe hufuata.

Cha kusikitisha ni kwamba ugonjwa wa tumboni unaweza kuishia miguuni. Mfupa ulio ndani ya kwato umeshikiliwa na vijani vyembamba vipatavyo 600. Sumu ya bakteria wale ikifika kwenye damu, vijani hivyo huvimba na kuachia, na mfupa hudidimia chini ya uzito wa mnyama wa kilo 500. Ndiyo maana mgonjwa husimamishwa na barafu iliyojazwa kuzunguka kwato hadi karibu na goti, kwa siku mbili tatu mfululizo, kabla hajaanza kuchechemea. Akishachechemea, madhara yameanza tayari.

Mtoto naye hasubiri. Kondo la farasi halipitishi kinga ya mama, hivyo lazima apate dang'a mapema, kabla ya utumbo wake kuacha kuifyonza kinga hiyo, yaani ndani ya siku moja hivi. Mama akiwa mahututi, hutafutwa farasi mlezi wa kumnyonyesha.

Rachel Alexandra alipona. Bintiye, Rachel's Valentina, alishinda mbio za Spinaway mwaka 2015. Mama mwenyewe hakupandishwa tena.