Jiko la udongo: jinsi ya kulitumia na kulitunza lidumu

Katika ziara zetu kwa vikundi vya kina mama tunasikia lalamiko moja kila mara: "Hili jiko la udongo ni ghali na linapasuka upesi. Afadhali lile la bati tupu." Tulipochunguza tuligundua kwamba mara nyingi jiko lenyewe halina makosa. Ama lilinunuliwa bila kukaguliwa, au linatumiwa kama lile la bati. Tena kuna jambo zito zaidi ya pesa, yaani hatari ya moshi usioonekana. Kwa hiyo tumeonelea tuandike juu ya jiko hili tangu kununua hadi kurekebisha.

Jiko hili ni gani?

Ni lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba katikati, bati nje na udongo uliochomwa ndani. Kwa jina la kitaalamu linaitwa Kenya Ceramic Jiko. Lilitengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo likitolewa kwa jiko la ndoo la nchi ya Thailand. Mafundi wetu wa jua kali walilibadilisha lifae sufuria zetu na mapishi yetu, na sasa linauzwa karibu kila soko.

Ule udongo wa ndani mafundi huuita laina. Kazi yake ni kuzuia joto lisipotee kupitia ubavuni. Jiko la bati tupu hukuchoma miguu ukiwa umeketi kando yake, maanake joto ulilolinunua linakwenda kwa miguu yako badala ya sufuria. Udongo hulishika joto hilo na kulirudisha juu. Jiko likiwa zuri na likitumiwa vizuri, huokoa kati ya theluthi moja na nusu ya makaa.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme mama fulani anatumia makaa ya shilingi 90 kwa siku. Akiokoa theluthi moja tu, anabaki na shilingi 30. Kwa mwezi hizo ni shilingi 900. Hata kama jiko la udongo lina bei kuliko la bati, tofauti hiyo hurudi upesi.

Kabla ya kununua

Usikubali kuharakishwa na mwenye duka. Fanya hivi:

1. Gonga laina kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama chungu kizuri, imechomwa ikaiva. Ikitoa sauti nzito ya kufa, huenda haikuiva au ina ufa ndani.

2. Kwaruza udongo kwa ukucha. Ukitoka unga, wacha jiko hilo.

3. Tazama kama kuna nyufa. Angalia sana vile vifundo vitatu vya kuwekea sufuria, na sehemu yenye matundu. Saa zingine rangi hupakwa hata juu ya udongo, na rangi huficha mengi.

4. Shika laina na ujaribu kuitikisa. Isicheze hata kidogo. Kati ya udongo na bati panatakiwa pawe pamejazwa saruji iliyochanganywa na vitu vyepesi vya kuzuia joto.

5. Hakikisha matundu yote yamepenya, mlango unafunguka na kufungika, na jiko linasimama sawa. Chagua kipimo kinacholingana na sufuria unayoitumia kila siku.

Siku za kwanza

Jiko jipya bado lina unyevu. Ukilijaza makaa siku hiyo hiyo, maji yaliyo ndani ya udongo na saruji yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa njia unapasua. Liache kivulini siku chache likauke. Halafu washa moto mdogo wa makaa machache, uuache uzimike wenyewe, na jiko lipoe kabisa. Rudia mara mbili au tatu, ukiongeza makaa kidogo kidogo. Baada ya hapo pika.

Kupika kwa makaa machache

Washia jiko nje. Tumia vijiti vikavu au magunzi. Usiwashe kwa mifuko ya plastiki, maana moshi wake ni sumu, wala usimwage mafuta ya taa juu ya makaa yaliyokwisha kushika moto.

Makaa yawe vipande vya ukubwa wa yai. Mapande makubwa yavunje kando, usiyavunjie ndani ya jiko. Usijaze hadi makaa yaguse sufuria, kwa sababu moto unahitaji nafasi ya kupumua.

Ule mlango wa chini ndio usukani wa jiko. Ukitaka chakula kichemke upesi, ufungue wote. Kikishachemka, rudisha mlango hadi ubaki nafasi ndogo. Udongo umeshashika joto, kwa hiyo githeri itaendelea kuiva polepole bila kuongeza makaa. Mama wengi huacha mlango wazi tangu mwanzo hadi mwisho, ndipo husema jiko halisaidii. Pia loweka maharagwe na mahindi usiku, na funika sufuria.

Ugali ndio mtihani mkubwa. Ukisonga kwa nguvu bila kushika sufuria, uzito wote unasukuma vile vifundo vitatu, navyo ndivyo huvunjika kwanza. Shika sufuria imara kwa mkono mmoja, au uiteremshe chini umalizie kusonga hapo.

Mambo yanayoliua jiko

La kwanza ni maji. Mtu akimaliza kupika anamwagia makaa maji ili ayaweke ya kesho. Udongo wa moto ukipata maji baridi hupasuka papo hapo. Yatoe makaa kwa koleo, uyatie katika mkebe wa bati wenye kifuniko cha kubana, na uuache nje hadi upoe. Makaa yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho yatawaka tena.

La pili ni mvua. Jiko likilowa, likaushe kivulini kwanza kabla ya kuwasha moto mkali.

La tatu ni jivu. Likijaa chini, hewa haipiti, moto unafifia, na mtu anadhani makaa ni mabaya. Toa jivu kila asubuhi jiko likiwa baridi. Matundu yazibue kwa kijiti, si kwa nondo.

La nne ni kubeba vibaya. Linyanyue kwa vishikio vyake, usilikokote sakafuni.

Likipata ufa

Ufa mwembamba kama unywele usikutie wasiwasi, maana udongo hutanuka na kunywea kila siku. Ukianza kupanuka, chekecha udongo wa mfinyanzi, uchanganye na jivu laini na maji kidogo uwe kama ugali mzito. Lowesha ufa kidogo, jiko likiwa baridi, kandika, kisha uache ukauke kivulini siku mbili au tatu. Washa moto mdogo kwanza. Usikandike saruji tupu mahali panapoguswa na moto, kwa sababu joto likizidi inamomonyoka.

Lakini kama kifundo kimevunjika, au matundu yameungana yakawa shimo moja na makaa yanaanguka chini, hapo laina imekwisha. Usitupe jiko! Bati likiwa bado zima, mpelekee fundi akutilie laina mpya, ambayo huwa na bei nafuu kuliko jiko zima. Kikundi kimoja tulichokitembelea hukusanya majiko yaliyovunjika ya wanachama, kisha humwita fundi mara moja ayatengeneze yote. Hivyo hupatana naye bei vizuri, na kila mtu huona jinsi kazi inavyofanywa.

Hatari isiyoonekana

Sasa tunakuja kwa jambo ambalo tungeomba lisomwe kwa sauti nyumbani. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Watu hudhani kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi umeisha, sumu nayo imeisha. Sivyo! Na jiko la udongo, kwa vile hukaa na joto muda mrefu, linashawishi watu kuliingiza chumbani wakati wa baridi ya Juni na Julai, wakafunga dirisha na kulala. Wako waliolala hivyo wasiamke tena, wazazi pamoja na watoto.

Kwa hiyo usilale na jiko ndani, hata kama moto umebaki kidogo. Kuzungusha mlango wa jiko ukafungika hakuzuii sumu, bali kunaweza kuizidisha kwa sababu moto unakosa hewa. Ukilazimika kupikia ndani, fungua mlango na dirisha la nyumba, na ukimaliza litoe jiko nje. Mtu akiumwa na kichwa, akisikia kizunguzungu, kichefuchefu au mwili kulegea, atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali. Watoto wadogo nao wasiachwe karibu na jiko. Bati la nje halichomi sana kama lile la zamani, lakini maji yanayochemka juu yake ni yale yale.

Makaa yanatoka wapi?

Katika tanuri la kienyeji la kufukiwa kwa udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kama kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Mnakumbuka Februari 2018, Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, jinsi bei ya makaa ilivyopanda. Katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, Papa Fransisko alituhimiza kuitunza dunia kama nyumba yetu sote. Mama anayefunga nusu mlango wa jiko lake githeri inapochemka, huyo naye anaitunza.

Ya kujadiliana katika jumuiya ndogo ndogo

1. Katika jumuiya yetu, ni nyumba ngapi zinazoingiza jiko chumbani usiku wa baridi? Tuwasaidieje, hasa wazee na wenye watoto wachanga ambao hawana blanketi za kutosha?

2. Ni majiko mangapi yaliyovunjika yametupwa nyuma ya nyumba zetu? Ni fundi gani wa karibu anayeweza kuyatia laina mpya?

3. Je, baba na vijana wa nyumbani wanajua kuliwasha jiko na kulitunza, au kazi hiyo tumemwachia mama peke yake?