Mgeni njoo, mwenyeji apone: Tufunge nini katika begi la harusi ya ng'ambo?

Ramadhani ikishamalizika na mwezi wa Shawwal kuandama, kadi za harusi huanza kuingia majumbani mwetu moja baada ya nyingine. Baadhi yake ni za mtaa wa pili, ambazo mtu hutoka baada ya Alasiri na kurudi kabla ya watoto kulala. Nyingine ni za ng'ambo: mtoto wa shangazi anaolewa Pemba, binti wa khaloo yuko Mombasa, au kijana wetu aliyekwenda kutafuta riziki Maskati anarejea nyumbani kuoa. Kwa mialiko hiyo, familia hulazimika kukata tiketi, kufunga mabegi na kulala siku mbili tatu katika nyumba ya watu.

Mtume Muhammad (s.a.w.) ametuhimiza kuitikia mwaliko wa walima, na wanazuoni wamelipa jambo hilo uzito mkubwa, isipokuwa kwa mwenye udhuru. Katika makala haya hatuzungumzii kama twende au tusiende. Tunazungumzia lile linalofuata baada ya kusema "Inshaallah tutafika", nalo ni begi. Tumejifunza, tena kwa aibu, kwamba adabu ya mgeni huanza pale anapolifunga begi lake.

Yaliyotupata Wete

Miaka michache iliyopita tulialikwa katika harusi ya jamaa yetu huko Wete, Pemba. Tuliondoka Dar es Salaam watu sita, tukiwa na bibi yetu ambaye ni mtu mzima sana na anatumia dawa za presha na kisukari. Tulikuwa na mabegi manne makubwa. Ndani yake mlikuwa na sare ya siku ya hina, sare ya siku ya ndoa na sare ya siku ya kuonyeshwa bibi harusi, kila moja na viatu vyake na mkoba wake. Kwa wiki mbili nyumba yetu haikuwa na mazungumzo mengine ila fundi cherehani na rangi ya mitandio.

Tulifika salama. Baada ya Isha bibi akaomba dawa zake. Tulifungua begi la kwanza, la pili, hadi la nne, na hazikuwamo. Zilikuwa zimebaki Dar es Salaam juu ya friji, mahali tulipoziweka ili tusizisahau.

Ami yetu, ndugu wa baba wa bibi harusi, ndiye aliyekuwa msimamizi wa jiko. Usiku ule alipaswa kuwa kwenye masufuria na wapishi wake. Badala yake alipanda pikipiki akaenda Chake Chake kutafuta duka la dawa lililo wazi. Alirudi usiku sana akiwa na aina moja tu, na nyingine zikapatikana asubuhi, saa chache kabla ya ndoa kufungwa. Baba wa bibi harusi alikesha na shughuli akiwa amepungukiwa na mkono wake wa kulia. Hakuna aliyetulaumu, wala kutukunjia uso, na jambo hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Tulipokuwa melini tukirudi, bibi alituambia kwa upole: "Wajukuu zangu, nguo zangu mlizikumbuka zote. Mimi mwenyewe ndiye mliyenisahau."

Waswahili wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikwenda, na mwenyeji akaugua kwa ajili yetu.

Funzo la masurufu

Katika sura ya pili ya Qur'ani, al-Baqara, aya ya 197, Mwenyezi Mungu anawaamrisha mahujaji wachukue masurufu ya safari, kisha anawakumbusha kwamba masurufu yaliyo bora ni uchamungu. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba aya hiyo inahusu watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija bila ya chakula. Walidai kwamba wanamtegemea Mwenyezi Mungu, na wakifika Makka huwaomba watu.

Aya hii imeshuka kwa ajili ya Hija, lakini adabu yake inamfaa kila msafiri. Msafiri hapaswi kuuweka mzigo wake mabegani mwa wengine kisha akauita tawakkul. Basi kila kitu kinachotaka kuingia katika begi la harusi tukipime kwa swali moja: je, kitampunguzia mwenyeji kazi au kitamwongezea?

Kibegi cha mkononi

Tangu safari ile, tunaanza kwa kufunga kibegi kidogo kisichotoka mkononi, na kinafungwa kabla ya nguo yoyote. Humo huingia dawa za kila mwenye maradhi, zikiwa katika pakiti zake zenye majina, za kutosha siku za safari na siku tatu za ziada, kwani bahari ikichafuka meli huweza kuahirishwa. Cheti cha daktari huwekwa pamoja nazo. Anayetumia insulini asiitie katika begi linalopakiwa chini au kuachwa juani, kwa sababu joto kali huiharibu. Wenye watoto wadogo waongeze chumvi za kuongeza maji mwilini.

Humo humo hukaa vitambulisho, tiketi na fedha. Mtanzania anayetoka Bara kwenda visiwani hahitaji pasipoti, lakini ataulizwa kitambulisho. Jamaa wanaotoka Kenya au Oman wakague mapema muda uliobaki katika hati zao za kusafiria, wala wasingoje wiki ya harusi.

Kuhusu bahari, mkondo wa Pemba una kina kirefu na mawimbi yake si ya kudharau, hasa wakati wa Kusi. Anayechafukwa na roho ameze dawa ya kichefuchefu kabla ya meli kung'oa nanga, kwani baada ya kuanza kutapika haitamfaa sana. Kipande cha tangawizi, maji, chakula chepesi na nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto viwe karibu. Meli nyingi za Pemba hufunga gati Mkoani, kusini mwa kisiwa, na mwenye harusi yake Wete bado ana safari ya gari. Wanaokwenda kwa ndege ndogo wafahamu kwamba mara nyingi mzigo unaoruhusiwa ni takriban kilo 15 kwa abiria, na kilo hizo humalizwa haraka na viatu.

Mabegi mengine yapigwe kamba au kufuli na kuandikwa jina. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia kuikataza. Mkoba wa ukili utatosha kwa vitu vidogo vidogo.

Ibada safarini

Mara nyingi pilikapilika za harusi huila sala, na kwa msafiri hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo msala mwepesi, kanga au shungi la kusalia, na chupa ya maji ya kutawadhia viwe juu ya begi, si chini ya magauni.

Kwa madhhabu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao tunayafuata, safari ya Dar es Salaam hadi Pemba imevuka masafa ya kupunguza sala. Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Aliyenuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, atakamilisha sala zake, na msafiri anayesali nyuma ya imamu mwenyeji hukamilisha pia. Ni vyema wakubwa wa msafara wakubaliane mapema kuhusu siku za kukaa. Kadhalika, suala la maharimu wa kuandamana na akina mama na mabinti lipangwe kabla ya tiketi kununuliwa.

Kibla hakisumbui sana. Pemba na Makka ziko takriban katika longitudo moja, kwa hiyo kibla cha Pemba ni kaskazini. Melini, mabaharia wakiulizwa huonyesha upande huo mara moja.

Mavazi na stara

Kwa wanaume mambo ni mepesi: kanzu mbili, kofia, koti la heshima kwa anayetaka, shuka ya kulalia na makubadhi. Tukumbushane tu kwamba hariri na dhahabu ni haramu kwa wanaume, hata ikiwa pete ya dhahabu imetolewa zawadi.

Kwa akina mama, nguo moja ya siku ya ndoa, moja ya shughuli ya wanawake, na doti mbili za kanga kwa kazi za jikoni na za kulalia zinatosha. Doti ya kanga ni msaidizi mkubwa wa msafiri: huwa shuka, huwa kitambaa cha kufungia nguo chafu, na hata hubebea mtoto. Nguo za mapambo ya kung'ara zivaliwe ndani, mbele ya wanawake wenzetu. Udi na manukato yafungwe vyema yasimwagike, na yatumike baada ya kufika, si njiani kati ya wanaume wasiohusika. Hina ni bora kuliko rangi ya kucha, kwani rangi ya kucha huzuia maji ya udhu kufika.

Hapa hatuna budi kuzungumzia sare. Tunawafahamu ndugu waliobaki nyumbani, wakasema wanaumwa, na ukweli ni kwamba hawakuwa na fedha za vitambaa vitatu na mshono wake. Wengine wamekopa, wakasherehekea siku tatu na kulipa kwa miezi. Ndugu mwalikwa, ikiwa huna, mwambie mwenyeji mapema na kwa uwazi, kisha nenda na nguo yako safi. Nanyi wenye shughuli, msiifanye sare kuwa kizuizi mlangoni. Kuunga udugu ni amri, na kitambaa si sharti la ndoa.

Zawadi na simu

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba zawadi huleta mapenzi. Zawadi iwe ya kadiri ya uwezo, nyepesi kubeba na isiyovunjika. Seti ya gilasi inayovuka bahari hufika vigae. Shuka, mswala mzuri au bahasha yenye fedha humfaa zaidi anayeanza maisha. Nyumba ya shughuli nayo isisahauliwe: kila mgeni achukue shuka lake, taulo na ndara za msalani, kwa sababu mwenyeji mwenye wageni thelathini hana mashuka thelathini.

Simu itaingia katika mkoba hata tusipoitaja, basi nayo ifungwe na adabu yake. Katika ukumbi wa wanawake, bibi harusi na wageni wamevua buibui kwa kuaminiana. Picha moja iliyorushwa bila idhini huweza kumfikia kila mtu kabla biriani haijapakuliwa. Turudi nyumbani bila picha ya mtu asiyeridhia.

Kurudi

Tuache nafasi katika begi, kwani wenyeji wa Pemba hawamwachi mgeni aondoke mikono mitupu. Halua ina nafasi yake, lakini karafuu ziulizwe kwanza, maana biashara yake inasimamiwa kisheria na shirika la ZSTC. Na shughuli ikishamalizika, tuage. Mtume (s.a.w.) amemwelekeza msafiri aliyemaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake, na wenyeji waliokesha siku tatu wanahitaji usingizi.

Mwaka huu tulikwenda tena Wete, katika harusi ya mdogo wake yule bibi harusi. Tulikuwa na mabegi mawili, na bibi mwenyewe alishika kibegi cha dawa mapajani kutoka bandarini Dar es Salaam hadi uani kwa mwenyeji. Usiku wa kuamkia ndoa, ami alikuwa jikoni na wapishi wake tangu mwanzo hadi mwisho, nasi tulikuwa naye, tukichambua mchele.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa za vijana wetu, na atujaalie kuwa wageni wanaopumzisha nyumba wanazozifikia. Amin.