Mgongo Umetengenezwa, Macho Je?

Mgonjwa wa Likoni anayevuka feri kwenda kufanyiwa opresheni ya uti wa mgongo hutarajia kuonywa kuhusu damu, kidonda na miguu. Macho hayamjii akilini, kwa kuwa kisu hakiyakaribii. Lakini wapo wachache wanaozinduka kutoka nusukaputi wakauliza mbona taa hazijawashwa, nazo zinawaka.

Mara nyingi kilichokufa ni mshipa wa fahamu unaochukua picha kutoka jichoni hadi ubongoni. Nyuzi zake ni kama milioni moja, na zikifa hazioti tena. Wengi hudhani jicho lilikandamizwa na mto. Ushahidi unakataa. Sajili iliyoanzishwa mwaka 1999 na madaktari wa nusukaputi wa Marekani ilikusanya visa 93 vya kupoteza uwezo wa kuona baada ya opresheni za uti wa mgongo. 83 vilitokana na mshipa huo kukosa damu. Katika hivyo, 55 vilihusu macho yote mawili, na baadhi ya wagonjwa vichwa vyao vilishikiliwa kwa pini, uso haugusi kitu. Kilichowaunganisha ni muda na damu: wengi mno walikaa usingizini saa 6 au zaidi, na kupoteza lita 2 hakukuwa ajabu. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba mtu akilazwa kifudifudi kutwa, damu ya kichwani huchelewa kurudi moyoni na uso ukavimba. Tundu la jicho ni mfupa, halipanuki. Uvimbe ukiingia humo huviminya vijishipa vinavyoulisha mshipa wa fahamu.

Yupo atakayesema: jambo nadra hivi, kwa nini umtie mtu hofu akaikimbia opresheni inayomwepusha na kupooza? Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni maelezo ya utulivu, siku kadhaa kabla, si fomu ya kutia sahihi mlangoni mwa thieta. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu aeleze hatari, tena kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Katika mitaa kama Likoni, Kisauni na Changamwe, mara nyingi lugha hiyo ni Kiswahili. Na kwa kuwa tiba iliyothibitika haipo, kinga ndiyo kila kitu: kichwa kisilazwe chini ya moyo, na kazi ndefu sana ifikiriwe kugawanywa siku mbili. Kisha mgonjwa akizinduka, kabla ya kuambiwa achezeshe vidole vya miguu, aonyeshwe vidole vya mkono wa muuguzi na aulizwe ni vingapi.