Ufinyanzi ni sayansi, tusiudharau

Kila mwanafunzi wa Kiswahili ameikariri methali isemayo, “Udongo uwahi ungali maji.” Huitumia katika insha kuhusu malezi ya watoto, akasifiwa na kutuzwa alama. Hata hivyo, ni nadra kumsikia akiulizwa: kwa nini udongo wenye maji hufinyangika, na ukikauka hukataa? Mwalimu wa Kiswahili humwachia mwenzake wa sayansi swali hilo, naye wa sayansi hudhani ni la mwalimu wa Kiswahili. Kwa maoni yangu, katika pengo hilo tunapoteza somo lenye manufaa makubwa, tena lisilohitaji maabara ya gharama.

Udongo wa mfinyanzi ni zao la miamba iliyomomonyolewa na kugeuzwa na maji na hewa kwa muda mrefu mno. Chembechembe zake hazizidi milimita 0.002, na aghalabu ni bapa mithili ya kurasa za kitabu. Maji yakiingia kati ya kurasa hizo, huteleza moja juu ya nyingine bila kuachana. Ndiyo maana udongo hulikubali umbo na kulihifadhi. Maji yakitoka, kurasa husongamana na chombo husinyaa. Kikikaushwa kwa pupa, upande mmoja husinyaa kabla ya mwingine, kikapasuka. Mfinyanzi analijua hilo, ndipo akakianika kivulini, na kuchanganya udongo wake na mchanga au vigae vilivyopondwa ili maji yapate njia na msinyao upungue.

Moto nao una siri yake. Chungu kibichi, hata kikiwa kikavu, ukikitia majini hurudi tope. Lakini joto likifika kati ya nyuzi 450 na 600 za sentigredi, maji yaliyofungamana na chembechembe zenyewe hufukuzwa, na udongo huwa kitu kingine kabisa. Hiyo ndiyo sababu vigae vilivyochimbuliwa Urewe, huko Siaya, vilidumu ardhini kwa karne nyingi, hata wanaakiolojia wakalitumia jina la mahali hapo kuuita ufinyanzi wa kale wa eneo la Maziwa Makuu. Waama, mtungi ni jokofu lisilotumia umeme: maji hupenya katika vitundu vyake vidogo, yakageuka mvuke nje, na mvuke huo ukaondoka na joto.

Pamoja na hayo yote, niliwahi kumsikia mwalimu mmoja akimwonya mwanafunzi kwamba asipotia bidii ataishia kufinyanga vyungu. Kauli hiyo ilinisikitisha. Humfunza mtoto kuidharau kazi ya mikono, na papo hapo humfungia mlango wa maarifa. Lile jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, lililoenea nchini kuanzia miaka ya 1980, limepunguza matumizi ya makaa katika nyumba nyingi. Lisingepatikana bila mtu anayejua udongo gani hustahimili moto.

Tutazame pia matofali, kwani hapa ujinga una gharama. Tuseme fundi amepanga tanurini matofali 1,000 ambayo hayajakauka vyema, kila moja likiwa bado na nusu kilo ya maji. Hizo ni kilo 500 za maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke huhitaji takriban kilojuli 2,260 za joto, nayo kilo moja ya kuni kavu hutoa kama kilojuli 16,000. Mwanafunzi akipiga hesabu atapata kilo 70 hivi za kuni zitakazoteketea kwa kukausha maji tu, hata kama hakuna joto linalopotea. Jua lingeifanya kazi hiyo bure. Hapo hesabu, sayansi na uhifadhi wa miti hukutana katika tofali moja.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unawataka wanafunzi watende badala ya kukariri tu. Basi na tuanzie hapa. Wafinyanzi wetu wa Nyanza na Ukambani, wengi wao wakiwa akina mama, waalikwe madarasani kama walimu, na walipwe kwa ujuzi wao. Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Isiwe sisi ndio tunaomnyima sahani.

Nawe mwanafunzi, usingoje kualikwa. Finyanga madonge mawili ya udongo yenye uzito sawa. Moja lianike juani, jingine kivulini. Yapime uzito kila siku, uandike unachokiona, kisha mwulize mfinyanzi aliye karibu nawe kwa nini moja limepasuka. Ukishapata jibu lake, mpelekee mwalimu wako wa sayansi.